Kuku Niliyemlisha Nyoka wa Fundi

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, na nalisema kabla sijakohoa: mimi ndiye niliyemfanya nyoka wa fundi Okelo atapike. Si ugonjwa, si hali ya hewa, si mtu mwingine yeyote. Ni mimi, kwa mikono yangu hii iliyoshika kalamu.

Jina langu msiliulize; hilo la Mama Nyaboke mtakalolisikia ni la kuazima. Kijiji nacho nakificha. Semeni tu kiko kwenye baridi, njia ya kupandia Ekerenyo, mahali ambapo mvua ya mawe huja bila kubisha hodi. Wajukuu wakinijua watanicheka, na hao tayari wananicheka vya kutosha kwa ajili ya miwani yangu iliyofungwa na uzi.

Mwandiko pia msiucheke. Shule niliisoma mpaka la pili, nikatolewa nikabebe mtoto wa dada yangu. Kiswahili hiki nilifunzwa na Okelo mwenyewe bila yeye kujua. Yeye mtu wa ziwani, Ekegusii kilimshinda. Mimi Kijaluo kilinishinda. Tukakutana hapo katikati, kila mtu akivunja maneno kwa upande wake. Mume wangu alikuwa akisema tukiongea sisi wawili ni kama watu wanaopasua kuni kwa shoka moja.

Haya, nimeanza kutangatanga. Turudi kwa nyoka.

Ilikuwa miaka ile chai ndiyo inaingia kwetu, kila mwanamume anapanda miche halafu anasimama kuitazama kana kwamba itamwamkia. Okelo alikuwa fundi wa baiskeli pale soko la Nyakoe. Mafundi wengine walikuwepo, na nisidanganye, kwa kuziba pancha walimzidi. Lakini Okelo alikuwa na chatu.

Alimwokota mchanga kabisa kule kwao, kwenye mafunjo ya ziwa, akamlea ndani ya sanduku la mbao lenye matundu. Akamwita Nyar Nam, yaani binti wa ziwa. Siku ya soko anamtoa, anamvaa shingoni kama shuka, na watu wanatoka mpaka Marani na baiskeli nzima kabisa, wanadai inalia mahali fulani, kumbe wanataka kumwona huyo binti. Bila Nyar Nam, Okelo alikuwa fundi wa mwisho kwenye ule mstari. Na hakuwa na mke wala mtoto. Akifunga kazi alikaa na huyo nyoka akimsimulia habari za soko, nani amekuja, nani amegombana na nani. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Yeye na mume wangu walikuwa kama ndugu, kwa maana mume wangu alipovunjika mguu ni Okelo aliyemsukuma kwa baiskeli mlima na bonde mpaka hospitali. Kwa hiyo alipoletewa habari kwamba mama yake amefariki, hakuwa na kwingine pa kumwacha nyoka. Alisema hawezi kuingia kwenye matanga ya mamake na chatu shingoni. Akapanda na sanduku mpaka kwetu.

Maagizo yake yalikuwa mafupi. Mtoto wa kuzaliwa jana angeyashika.

"Mama Nyaboke, huyu ameshakula. Asipewe kitu mpaka nirudi, hata nikikawia. Maji tu, na sanduku likae karibu na moto."

Nikamuuliza: hata ukikawia?

"Hata nikikawia. Yeye tumbo lake si kama letu."

Nikaitikia. Kuitikia ni rahisi jamani!

Matanga ya watu wa ziwa hayaishi upesi. Mwezi uliandama, ukafa, Okelo hajaonekana. Nyar Nam amejikunja karibu na mafiga yangu, hali, hasemi, ananitazama tu. Wewe umewahi kutazamwa na mgeni asiyepepesa macho wakati unasonga obokima? Ugali wa wimbi unakushinda mkononi!

Muelewe kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Anawekewa. Akikataa anabembelezwa. Akikataa tena, mwenye nyumba anaanza kujiuliza amemkosea nini. Na huyu ni binti wa watu. Arudi kwao amekonda, watasema nini juu ya jiko langu?

Aliyenichokoza ni Kerubo. Huyu alikuwa mke wa mdogo wa mume wangu, nyumba zetu zilitenganishwa na migomba tu. Kila asubuhi alikuja na kigae chake kuomba makaa ya moto, kwa sababu moto wake ulikuwa kama mume wake, unalala mapema. Ni yeye aliyesema hivyo, si mimi! Mdomo wa Kerubo ulikuwa pilipili, lakini ukiugua yeye ndiye wa kwanza mlangoni na uji.

Asubuhi moja akainama kwenye sanduku, akasema, "Mama Nyaboke, mgeni wako anaonekana mbavu."

Nikamwambia nyoka wote ni mbavu tupu.

"Basi huyu zimezidi. Okelo atasema Wagusii hufunga mlango wakila." Akachukua makaa yake akaenda zake akicheka.

Alitania tu, maskini. Mimi yale maneno yakanikwama kama mwiba wa samaki.

Sasa, Okelo alimlisha panya, hilo nilijua. Lakini nyumba yangu ilishika Sabato. Nguruwe haingii, kambare haingii, na panya ndiyo kabisa! Nikajishauri hivi: kama mgeni aliye langoni mwangu hupumzika nami siku ya Sabato, basi na chakula atakula kilicho safi kama mimi. Nyoka wa watu nikamwingiza kwenye sheria za Musa, kwa moyo mweupe kabisa.

Nikachinja kuku. Nikamwaga damu yote, nikanyonyoa, nikachemsha na chumvi, nikamwekea Nyar Nam kwenye sahani. Akatoa ulimi, akaurudisha, akageukia ukutani.

"Labda chumvi," akasema mume wangu. Akaonja yeye. Akaonja tena. Kuku akaisha. Siku hiyo alisifu sana tabia ya nyoka.

Nikajaribu obokima, nimeufinyanga vizuri kama mayai, nikaulowesha kwa maziwa ya kibuyu. Nyar Nam akapita juu yake akatokea upande wa pili na kidevu cheupe. Mume wangu akaniambia nilete wembe, huyu ameshapaka sabuni anangoja kunyolewa.

Niliona aibu. Nacheka sasa, lakini siku ile niliona aibu ya kweli, aibu ya mwanamke ambaye chakula chake kimekataliwa.

Basi Ijumaa alfajiri nikashika kuku mzima, mzee, yule aliyekuwa ameacha kutaga, nikamtupa ndani ya sanduku nikafunika. Kuku ni safi, damu atajua mwenyewe.

Kukawa na kishindo, kisha kimya. Nilipofunua, kichwa cha kuku kilishaingia. Alimeza polepole, mpaka zikabaki kucha za miguu, kama mtu anayeaga kwa mbali. Nikaimba wimbo wa sifa! Nikamwita Kerubo aje aone mgeni wangu alivyoshiba. Akatazama ule uvimbe katikati ya tumbo, akacheka mpaka akashika mlango. Akasema mwite Okelo haraka, binti yake amepata mimba kwako.

Laiti ningeishia hapo! Nyoka angelala kando ya moto, kuku angeyeyuka, nami nisingekuwa na la kuungama.

Lakini Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Unafagia, unaoga, unapika cha kesho, jua lisikukute na kazi. Na kesho yake mzee wa kanisa alikuwa aje kula kwangu baada ya ibada, yeye na mkewe na akina mama wengine. Nyar Nam alinuka kuku. Nikambeba mpaka mtoni, nikamsugua kwa sabuni ya kipande, katika yale maji yetu yanayouma meno ukiyanywa. Akawa mzito mikononi, ametulia. Nikadhani anafurahia.

Halafu moto. Sikilizeni vizuri hapa. Siku ya Sabato hatupiki, lakini kila mtu hufukia makaa majivuni ili jua likizama awashe. Hata mke wa mzee wa kanisa alifukia. Mimi nilitaka kuwa mtakatifu kuwazidi wote. Nikachukua mtungi, nikamwaga maji juu ya mafiga, shwaaa! Nilitaka mzee aingie aone majivu yamelowa.

Kerubo akaja na kigae chake kuomba makaa ya kufukia kwake. Nikamrudisha mtupu, na shingo nimeinua.

Sanduku nalo nikalitoa jikoni nikalipeleka kibanda cha ndizi nyuma ya nyumba, ili wageni wasile wakitazamana na nyoka. Ukungu ulishuka usiku ule, ule wetu unaoingia mpaka chini ya blanketi.

Sabato ikafika, ibada ikaisha, wageni wakaja. Wakala chakula kimepoa, wakasifu. Mzee akatazama mafiga akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona karibu na mbingu.

Hapo tukasikia kitu nyuma ya nyumba, sauti kama ya mtu anayevuta mguu kutoka kwenye tope. Kisha harufu! Harufu ile siwezi kuiandika kwenye karatasi ya watu.

Tulifungua kibanda wote pamoja. Kifuniko cha sanduku kimesukumwa kando, kuku yuko sakafuni, ametoka vilevile alivyoingia, manyoya yote, ila na sura ya mtu aliyeona mengi. Nyar Nam amenyooka kando yake kama kamba iliyotupwa, mdomo wazi, kichwa kimelala upande.

Mzee wa kanisa akauliza, kwa upole tu, mnyama huyu amefanywa nini. Macho yote yakanigeukia. Na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Ni macho. Kerubo alimtazama jana akiwa ameshiba, akacheka."

Kwa wasiojua, kwetu kuna watu husemwa wana macho. Mtoto akitazamwa nao anaugua, chakula kinagoma tumboni. Sisi wa kanisa tunasema hatuamini, na huku tunafunika watoto.

Kerubo alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa amekuja kunisaidia, ameshika jagi la kunawisha wageni. Akina mama wakavuta leso juu ya nyuso za watoto wao, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Kerubo akaliweka jagi chini bila kumwaga tone. Alipopita jikoni akatazama yale majivu yaliyolowa. Akanitazama mimi. Akaingia kwenye migomba, akaenda.



Jua lilikuwa halijazama, wageni ndio wametoka, Okelo akafika anasukuma baiskeli, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Hata pole ya mama yake sikumpa kwanza. Nikaanza: kuna mtu alimtazama, kuna mtu alimtazama. Alikuwa hanisikilizi. Alimgusa Nyar Nam mgongoni, akamnusa. Kisha akaingia jikoni, akaweka kiganja juu ya figa.

"Moto ulizimwa lini?"

"Jana."

"Na alikula lini?"

Mume wangu akakohoa. Nikasema, "Jana."

"Ananuka sabuni."

"Nilimwogesha. Mtoni."

Akakaa kwenye gogo la kuni. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Akaniambia polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia, "Mama Nyaboke, huyu hana moto wake tumboni. Anaazima wetu. Ukimlisha halafu ukamnyima moto, chakula kinaozea ndani. Ametapika ili asife." Akafikiri kidogo. "Na huyo aliyemtazama ni nani?"

"Kerubo."

"Yule anayekuja kuomba moto?"

Ardhi haikupasuka, nami niliiomba.

Okelo akafungua vifungo vya shati, akamlaza nyoka kwenye tumbo lake, akafunga koti juu. "Mama nimeshamzika," akasema. "Huyu bado."

Jua lilipozama niliwasha moto ule. Okelo akahamia jikoni kwangu. Hakutaka Nyar Nam apewe chochote, hata nikisimama na sahani namna gani. Maji tu. Siku zilipita, nyoka hakuinua kichwa. Mume wangu, ambaye alitania hata kwenye mazishi, alisahau kutania. Tulikuwa tunatazama koti la Okelo kama watu wanaongoja mgonjwa apumue.

Kwa Kerubo sikwenda upesi. Naungama na hilo. Nilimwona akienda mtoni saa ambayo hakuna mtu. Niliwaona wanawake wakibadilisha njia. Nikajiambia kesho, na kesho ikasema kesho. Nilipokwenda, nilimkuta anapepeta wimbi. Hakuinua uso.

Nikamwambia ulikuwa moto. Nilizima moto.

"Najua," akasema. "Nilikuja na kigae."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Ningesema nini, Mama Nyaboke? Mtu akishaambiwa ana macho, akijitetea wanayaangalia macho." Akapepeta. "Utasema wewe. Mbele ya wale wale."

Sabato iliyofuata, watu wakitoka ibadani, nikasimama nje ya kanisa nikasema yote. Kuku wa chumvi, maziwa ya kibuyu, sabuni, mtungi wa maji kwenye mafiga. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mzee wa kanisa alifuta machozi kwa tai yake. Nikadhani kicheko kile kimeosha.

Kerubo alisimama nyuma ya watu. Alicheka pia, lakini baadaye kidogo.

Siku Okelo aliposema sasa ajaribu kula, kitu kidogo tu, Kerubo ndiye aliyekuja kupitia migombani, kwa mara ya kwanza tangu jambo lile. Ameshika kibuyu kimezibwa kwa gunzi. Ndani ni panya wa ghala lake la wimbi.

"Mpakulie mgeni," akaniambia. "Kwa sahani ya wageni."

Nilikuwa na sahani moja ya bati yenye maua mekundu, haijaguswa ila na wachungaji. Nikaitoa! Nikampakulia panya katika nyumba inayoshika Sabato, na Kerubo amesimama mikono kiunoni, ananiuliza kama chumvi imetosha.

Nyar Nam akatoa ulimi. Akainua kichwa. Akala.

Okelo akamfunika kwa koti, akaniangalia nikaongeza kuni bila kuambiwa. Kiuvimbe kilikaa pale tumboni kama ngumi ya mtoto, tukakilinda, kila kukicha kinapungua, mpaka kikaisha. Siku kilipoisha nilimsikia Okelo akimsimulia nyoka habari za matanga: nani alikuja, nani alilia kwa uongo, na mama yake alizikwa upande gani wa nyumba. Sisi alikuwa hajatusimulia.

Alirudi Nyakoe na binti yake, watu wa Marani wakarudi na baiskeli zao nzima. Na Kerubo kwa miaka yote iliyofuata, kila nilipompakulia chakula, aliinua sahani akaichungulia chini, akauliza kwa sauti ya wageni kusikia, "Hii ni ile?" Nilimpenda mwanamke huyo.

Ningeishia hapa tungeachana tukicheka. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya kucheka.

Kerubo tumemzika majuzi. Wakati wa kupita kumuaga, mama kijana aliyekuwa mbele yangu alivuta shali akamfunika mtoto uso. Huyo msichana mambo yale yalipotokea hata mama yake alikuwa hajaolewa. Nikamuuliza kwa nini anamfunika.

"Bibi," akaninong'oneza, "husemwa marehemu alikuwa na macho."

Nikauliza nani alimwambia. Akasema nyanya yake. Nyanya yake namjua. Alikuwa nje ya kanisa siku ile, alicheka mpaka leso ikaanguka.

Nyar Nam alinyimwa moto, akatapika, akapona. Uongo wangu watu waliumeza, na wao matumbo yao yalikuwa na joto la kutosha. Haukurudi. Umekuwa nyama yao.

Basi wewe unayesoma, mgeni akikwambia ameshiba, mwamini, awe na miguu au asiwe nayo. Na siku kitu cha watu kitakapoharibikia mikononi mwako, kabla hujatafuta nani alikitazama, ingia jikoni kwako kwanza ukaguse mafiga.